Sababu ya Kuamka Kesho

Mheshimiwa Chifu, viongozi wa makanisa na wa msikiti, wahudumu wa afya, ndugu wageni waalikwa, nanyi wasichana wangu wa cherehani, hamjambo!

Mimi ni Trizah Bonareri. Wengi wenu hapa Sori mmevaa sare nilizoshona. Miaka mitatu iliyopita, ukanda wa posho mill, mashine ya kusaga unga, ulininasa mkono wa kulia, nikaupoteza. Je, fundi asiye na mkono ni nani? Nililala nikitazama ukuta, nikakataa uji, nikakataa hata kuombewa.

Ndipo akaja Bwana Cephas Machuki, mshauri nasaha, huyu tunayemfungulia chumba cha ushauri leo. Hakuniambia nijikaze. Alikaa tu. Nikamwambia, "Sioni sababu ya kuamka kesho."

Akajibu, "Nimekusikia, dada. Sitakuacha peke yako na neno hilo." Akamwomba jirani yangu Kultum, mwenye duka la vitambaa, akae nami wiki nzima.

Jumatano iliyofuata akaniuliza, "Ulipokuwa ukishona, ni kitu gani kilikupa raha?"

Nikamkaripia, "Unanikumbusha ya nini? Toka!"

Akatoka. Jumatano nyingine akarudi! Nikalia, nikamwambia ukweli: nilipenda kumwona mtoto aliyezoea nguo za kuazima akipita barabarani na sare iliyomkaa sawasawa.

Akauliza, "Watoto hao wameisha Sori?"

Ndugu zangu, swali hilo halikunirudishia mkono. Mpaka leo nauomboleza. Lakini niliamka! Kultum akamleta binti yake Hadiya na kitambaa. Mimi nikaelekeza, yeye akakata. Sketi ya kwanza ilipinda vibaya, tukacheka hadi machozi. Leo wasichana ni tisa. Simameni muonekane! Shule zilipofunguliwa Januari, waliwavisha watoto mia moja na arobaini. Sasa niulizeni tena fundi asiye na mkono ni nani!

Na wewe uliyesimama kule nyuma, ukijifanya umefuata soda tu, nakujua, kwa sababu nilikuwa wewe. Humu ndani hutapewa majibu. Utapata mtu atakayekaa nawe mpaka uyapate mwenyewe.

Bwana Machuki, erokamano, asante sana. Nanyi nyote, nawashukuru kwa masikio yenu. Mheshimiwa Chifu, makasi haya hapa. Kata utepe upesi, kuna watu wanangoja kuingia!