Senolita Moala na Jiko la Akina Mama

Mālō e lelei, wasikilizaji wapendwa. Jumamosi tulimzika Senolita Moala hapa Nuku'alofa, mji mkuu wa Tonga yetu. Alikuwa mchambuzi wa sera za afya. Wengi wenu hamkuijua sura yake. Lakini mpo mnaonisikiliza mliozaliwa salama kwa sababu yake.

Alikulia visiwani Ha'apai, binti wa mchungaji. Kaka yake, Siosaia, anakumbuka: "Ukimwambia jambo, anauliza kwa nini. Ukimjibu, anauliza tena. Baba akasema, huyu tuipe serikali, nasi tupumzike."

Serikali ikampokea. Siku hizo kulikuwa na mpango: mama mjamzito wa visiwa vidogo aje mjini mwezi mmoja kabla ya kujifungua, awe karibu na hospitali. Mpango mzuri. Akina mama hawakuja. Walijifungulia kulekule, mbali na daktari, na wengine tukawazika.

Ofisini wakasema, "Hawa hawaelewi. Tuwatoze faini." Senolita akaagizwa aandike sheria ya faini. Hakuiandika. Alipanda meli, akaenda visiwani kuketi na wanawake wasuka mikeka.

"Jamani, kwa nini hamji?" akauliza.

Ma'ata, mmoja wao, tumbo limemjaa mpaka hawezi kuinama, akamcheka. "Na digrii zako zote, dada! Nikalale kwa watu, mikono mitupu, nile chao bila kupika changu? Nizae bila shangazi yangu kando? Ungekuja wewe?"

"Nisingekuja," Senolita akajibu.

Alirudi na pendekezo: nyumba jirani na hospitali, yenye jiko kubwa, pamoja na nauli ya mtu mmoja wa kufuatana na mama. Mkubwa wake akamkodolea macho. "Senolita, sasa Wizara ipike mihogo?"

"Hapana, mheshimiwa. Shangazi atapika. Wizara itoe jiko."

Walicheka chumba kizima, kisha wakalikataa. Mwaka uliofuata wakalikataa tena. Akaambiwa wazi kwamba akizidi kung'ang'ania atahamishwa. Akang'ang'ania. Mara ya tatu likapita.

Na nani alitangulia kufika? Ma'ata, na mimba nyingine! Alikuja na shangazi wawili, watoto watatu na kitoto cha nguruwe. Nauli ilikuwa ya mtu mmoja, wasikilizaji wapendwa. Senolita aliwapokea gatini, akambeba nguruwe mwenyewe.

Mtoto alizaliwa salama. Wakampa jina la shangazi, si la mchambuzi. "Ndivyo inavyotakiwa," Senolita akasema, akisogeza sahani aongezewe kiazi.

Nyumba ile haijawahi kukaa tupu tangu siku hiyo. Jumamosi akina mama walitoka humo na matumbo yao, wakaimba kaburini mpaka sauti zikakauka.

Kwako Siosaia, na ukoo wote wa Moala, poleni sana. Mungu awafariji.

Nasi tuliobaki, tutafakari. Ukimwona mtu anakataa jambo jema, usimkaripie haraka. Muulize kwanza: ungependa nani afuatane nawe?