Neno Alilolisema Jukwaani

Ndugu waombolezaji, marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi na sekondari hapa hapa mjini, na mwaka 1969 akaajiriwa kukata tiketi kwenye ukumbi wa muziki wa jiji, uliokuwa ndiyo kwanza umefunguliwa ndani ya lililokuwa ghala la pamba, akapanda cheo hadi kuwa meneja mwaka 1983.

Mwaka 1974 alifunga ndoa na mwimbaji wa kwaya ya ukumbi, shemeji yetu huyu aliyeketi mbele yenu, wakajaliwa mabinti watatu.

Alijivunia hasa kuta za mbao za ukumbi ule, zilizobeba sauti hata neno la chini jukwaani likafika roshani likiwa zima, na ndizo zilizomuumbua. Mchana wa tarehe 6 Juni 1987, baada ya mazoezi, alisimama jukwaani na wageni wakubwa, mmoja akauliza yule mama aliyeimba peke yake ni nani, mbona sauti yake ya kawaida tu, na kaka yetu, kwa kutaka kuonekana mjuzi, akacheka, akanong'ona, "Huyo? Tumemweka kujazia nafasi." Mwimbaji huyo ndiye mkewe, naye alikuwa roshani akimfunga binti yao viatu, wakasikia wote wawili.

Jioni shemeji aliimba kama ilivyopangwa, watu wakasimama kumpigia makofi, kisha akarudisha gauni la kwaya, na tangu hapo hakuimba tena, hata kumbembeleza mjukuu. Kaka alimwomba radhi jikoni, macho chini, akajibiwa, "Nimekusamehe, Baba Watoto, ila koo limekataa." Hadi anastaafu mwaka 2008, wageni wakija alijifungia ofisini, wasaidizi wakawatembeza.

Figo zilimsumbua tangu mwaka 2020, mkewe akamwogesha na kumlisha, jambo lililomzidishia aibu, akafariki tarehe 11 Februari 2025. Haya alituagiza mwenyewe tuyasome leo, tukakataa, akasisitiza kwamba alimkana mkewe mbele za watu, radhi ya jikoni haitoshi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na wafanyakazi wenzake wote. Wanakwaya tunawashukuru kwa kuja, ingawa shemeji ameomba tumzike kaka kimya kimya, bila wimbo, nasi hatukuwa na uso wa kumkatalia.

Pumzika, kaka, kwa amani uliyoitafuta.