Kura ya Ibada ya Kiswahili

Baraza la kanisa lilitaka kufuta ibada ya Kiswahili, na kura ilikuwa mchana huo huo. Théodore, fundi cherehani Mkongo wa mtaa wa Bellevue, Johannesburg, ndiye aliyetumwa kuitetea. Ndani ya teksi ya abiria wengi alikariri hotuba yake ya Kiingereza kwa sauti, mpaka mama Mkenya aliyekaa kando yake, mwalimu wa sheria, akachoka.

“Baba, unatetea Kiswahili kwa Kiingereza?”

“Mama, wale wazee wa baraza hawasikie Kiswahili.”

“Wakroatia walipotawaliwa na Wahangari, ililetwa sheria ya kuwalazimisha kutumia Kihangari kwenye reli zao wenyewe. Mbunge wao mmoja, wakili, akasimama katika bunge la Wahangari akahutubia kwa Kikroatia. Hawakumwelewa, lakini haki hiyo alikuwa nayo kisheria, wakakaa kimya wakamsikiliza.”

“Alishinda?”

“Sheria ilipita. Kikroatia kipo mpaka leo.”

“Eish! Kumbe unanituma nikashindwe!”

“Nakutuma ukasikike. Mkalimani watamtafuta wao.”

Théodore akacheka, kisha akaona kanisa wameshalipita. Katika teksi za Johannesburg asiyepiga kelele hashushwi, na siku zote yeye husubiri mwenye Kiingereza kizuri apige. Safari hii alipaza sauti mwenyewe, kwa Kiswahili: “Dereva, simama! Nashuka hapa!”

Dereva Mzulu akasimama.

Karatasi za hotuba yake alimwachia yule mama. Mazungumzo yale yalimgharimu hotuba ya kurasa mbili, jioni tatu za kuiandika, na mitaa minne ya kurudi kwa miguu, yote mlima.