Shaushi Dzombo Mwambire, Aliyeirudisha Nyota

Leo, tarehe 31 Machi 1919, Shaushi Dzombo Mwambire anaivua sare ya jeshi baada ya kuivaa miaka kumi na saba. Wenzake tumemwandalia karamu hapa mtaani Barani, Malindi, kwa jasho letu wenyewe, na mimi, Anantrai, karani wa boma la Malindi, nimepewa kazi ya kumwelezea. Nitamwelezea kama alivyo. Atakayenuna na anune.

Dzombo alitoka bara ya Malindi mwaka 1902, kijana wa Kigiriama asiyewahi kuvaa kaptura. Baada ya miaka minne akawa ombasha, mwenye utepe mkononi na askari wachache chini yake. Hapo ndipo alipoanza kuutamani uefendi, cheo cha afisa Mwafrika mwenye nyota begani. Hakuficha. Alitaka kuongoza kikosi, na alijua anaweza.

Ombi lake la kwanza tunalicheka mpaka leo. Kwao mtu haendi kwa wakubwa na neno zito mikono mitupu. Hupeleka kadzama, kibuyu cha tembo la mnazi, ndipo wazee wakae wamsikilize. Basi Dzombo akamwekea Bwana Meja kibuyu kilichojaa pomoni juu ya meza, katikati ya makaratasi. Meja akaona ni hongo, tena ya ulevi, akamvua utepe kwa miezi sita. Dzombo anasema kilichomuuma zaidi ni kuliona tembo zuri vile likimwagwa mchangani.

Aliporudishiwa utepe akaomba tena. Wakamwambia hajui kusoma. Akaenda Shella kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akajifunza, akaandika ombi la tatu kwa mkono wake kwa herufi za Kiarabu. Wakamwambia herufi hizo sizo. Akawa anashinda dukani kwa Lakhamshi, muuza nguo, akizisoma herufi za Kizungu zilizopigwa kwenye marobota ya marekani, ile nguo ya pamba, na kwa miezi minane akazimaliza. Mwaka 1913 wakasema Wagiriama si watu wa vita. Mwaka uliofuata Wagiriama wakapigana na serikali yenyewe, na jibu likageuka: sasa ni watu wa vita mno, hawaaminiki. Barua hizo mbili nilizipiga muhuri mimi mwenyewe, na hasira zilizonitia ninazo hadi leo.

Yeye hakukata tamaa. Alikuwa ameshapanda akawa shaushi, cheo cha juu ya ombasha, na mwaka 1916, vitani katika nchi ya Wadachi, yaani Wajerumani, afisa wa kikosi chake alipouawa kwa risasi, Dzombo aliwaongoza askari arobaini siku kumi na moja porini. Hakunywa maji kabla ya askari wa mwisho kunywa. Aliwarudisha thelathini na tisa, na yule mmoja aliyebaki huko bado humtaja kwa jina lake. Kufika kambini, kikosi akapewa luteni aliyeshuka melini wiki ile ile.

Wiki iliyopita, baada ya maombi tisa, nyota ikaja. Barua ilisema atakuwa efendi wa heshima kuanzia siku anapoacha kazi: bila kikosi, bila askari hata mmoja. Wengi wetu tulishangilia. Mkewe, Kadzo, alikuwa ameshaanza kuitwa mke wa efendi kisimani. Dzombo akaitia nyota katika bahasha, akairudisha na maneno manne: "Niliomba kazi, sikuomba pambo." Kadzo alinuna siku mbili, kisha akawaambia wenzake kisimani wamwite Kadzo.

Boma limeniagiza nimwandike hapa Efendi Dzombo. Siandiki. Cheo hicho alikistahili alipokuwa na watu wa kuwaongoza, na wakati huo walimnyima.

Shaushi, waliotembea nyuma yako wanakushukuru, na sisi makarani wa mezani pia. Nenda kwako ukalime, wewe na Kadzo mle mlichopanda. Mungu akujaalie afya, na uzee mrefu usio na bwana wa kumpelekea ombi.