Kikombe cha Marehemu

Siku tuliyomzika kaka yangu Buberwa huko Kanazi, nilirudi Muleba kwa basi. Mbele yangu mjane mmoja alimwambia dresa wa hospitali, "Kila jioni namwekea marehemu kikombe cha enkonyagi. Asubuhi kimepungua. Cha maji kando yake kiko vilevile."

"Mama, pombe kali hukauka upesi kuliko maji. Hata spiriti yetu, ukiipaka mkononi hupotea, ikaacha baridi tu."

"Baridi hiyo ndiyo huniamsha."

Sisi Walutheri tuliokuwemo, tuliokatazwa matambiko, tulitazama nje.

"Basi kifunike, uone kama kitapungua."

"Nikikifunika, mwanangu, atakunywaje?"

Basi lilisimama Muleba, nikashuka. Tangu siku hiyo, kikombe cha Buberwa hukaa mlangoni kwangu kila jioni, bila kifuniko.