Isawa Tokuzo na Msichana wa Dirisha la Nyuma

Ndugu, jirani na marafiki mliotoka nasi kwenye tanuru la kuchomea maiti hadi hapa hekaluni, mimi Morihiko, mkwe wa marehemu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha yake, na naomba mnivumilie, kwa kuwa sehemu ya mwisho nimeiandika mchana huu huu.

Marehemu Isawa Tokuzo alizaliwa tarehe 12 Machi 1944 mtaani Yotsugi, Katsushika, jijini Tokyo, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Bi Otsuya na Mzee Kanematsu, fundi wa kuchora abiria kwenye madirisha ya magari ya bati ya kuchezea. Dada yake, Fumi, alichukuliwa na mafuriko ya Septemba 1947 akiwa na miaka saba, hakupatikana, na jina lake likachongwa kwenye kaburi la familia bila hata kipande cha mfupa chini yake. Picha yake haikusalimika hata moja, basi majira ya baridi ya mwaka ule Mzee Kanematsu, aliyezoea kuchora abiria wanaotazama mbele, alichora kwenye dirisha la nyuma la gari la bluu msichana anayetazama nje, mkono juu, nywele za kipajini zimekwenda upande, maana ni yeye baba mwenyewe aliyezikata vibaya nywele za Fumi. Magari yote ya mchoro ule yakapakiwa melini kwenda kuuzwa Marekani, na Bi Otsuya, hadi anafariki mwaka 1966, alimlaumu mumewe kwamba amempeleka mtoto ng'ambo.

Marehemu alianza shule ya msingi Aprili 1950, akamaliza sekondari ya chini Machi 1959, akaajiriwa kiwandani kukata bati la magari ya kuchezea, na plastiki ilipoua kazi hiyo mwaka 1968, akawa dereva wa basi la jiji hadi alipostaafu Machi 2004.

Tarehe 3 Novemba 1970 alifunga ndoa na Bi Sumiyo, na Juni 1973 wakajaliwa mtoto wao wa pekee, Natsue, mke wangu. Kila siku ya mapumziko marehemu alikuwa kwenye masoko ya vitu vya kale akigeuzageuza magari ya bati, akinunua hata yasiyokuwa lile analolitafuta, kwa sababu, alivyosema, huenda yalisafiri meli moja na dada, na nyumba ikajaa magari hadi Bi Sumiyo akawa anakunjia nguo ngazini.

Tarehe 2 Oktoba 1988, kwenye uwanja wa hekalu moja, alilikuta, rangi imebabuka, ndani ya paa bado yanasomeka maandishi ya kopo la nyama lililokatwa kulitengeneza, na kwenye dirisha la nyuma Fumi ameinua mkono. Alifika nalo nyumbani amelikumbatia, akasema tu, "Sumiyo, ongeza bakuli moja."

Tangu siku hiyo, kila ilipopiga mvua kubwa, gari lilikutwa limetoka kabatini, pua imegusa ngazi ya kwenda juu, magurudumu yamelowa. Mimi nilicheka, nikasema ni paka, nikaambiwa nimwonyeshe huyo paka. Bi Sumiyo hakuwa na muda wa kuogopa, alilikaripia gari: "Wifi, manyunyu tu haya, maji hayafiki huku, hebu rudi ukalale." Marehemu alilibeba hadi juu, akakaa nalo mapajani mpaka mvua ikakatika.

Novemba 2022 aligundulika kuwa na maradhi ya mapafu, akatibiwa kwa uvumilivu mkubwa, akafariki alfajiri ya tarehe 9 Juni 2024, akiwa na miaka themanini. Ombi lake lilikuwa moja tu, gari lile liingie naye jenezani, ili Fumi naye azikwe. Mhudumu wa tanuru alikataa, bati haliruhusiwi motoni, basi Bi Sumiyo akalipiga picha. Mhudumu, kama ilivyo ada, kwa kuwa picha ya aliye hai ikichomwa na maiti humvuta mwenyewe kifoni, akauliza, "Mama, aliyemo humu pichani yu hai?"

"Ni wifi yangu," akajibu Bi Sumiyo. "Alitutangulia zamani."

Picha ikalazwa kifuani pa marehemu.

Mlioshika vijiti vya kuokotea mabaki leo mliona. Tuliokota mifupa wawili wawili, kuanzia miguuni, na tulipofika kifuani mhudumu aliinama, akauliza kwa sauti ya chini, "Samahani, mlimlaza na mtoto?" Palikuwa na jino la utoto, jeupe, moto haukuligusa. Bi Sumiyo na Natsue waliliokota pamoja, wakaliweka kwenye chungu cha mifupa, na chungu ndicho hiki mbele yenu. Nasema wazi kwamba naogopa, lakini lile jina kaburini sasa limepata mwenyewe.

Marehemu ameacha mjane, mtoto mmoja na wajukuu wawili. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Yotsugi ambao hawajatuacha tulale njaa, madereva wenzake waliokuja na kofia zao za kazi, na mhudumu wa tanuru, ambaye hakuuliza mara ya pili.

Baba, shangazi, pumzikeni kwa amani.