Theluji Anayoipima Modesta

Kijiwe chetu cha Mkuyuni, hapa kando ya ziwa, kiko mbele ya karakana ya Shigela, fundi pampu, ambaye tunamwita Injinia ingawa cheti chake hatujawahi kukiona. Asubuhi ile redioni alisikika Modesta, binti wa Mzee Luhende, akieleza jinsi anavyochimba shimo kwenye theluji ya Kilimanjaro, anaijaza kwenye kopo, anaipima uzito na kujua itatoa maji kiasi gani ikiyeyuka. Mtoto wa hapa hapa, tuliyemzoea na ndoo kichwani. Nilijisikia fahari kana kwamba nimemzaa mimi. Tatizo lilikuwa moja: miaka miwili nyuma, alipoacha ualimu ili akafuate theluji, Luhende alimwambia asimpigie simu mpaka apate akili, na binti akatii.

Sasa Luhende alifika amevaa koti la kanisani, siku ya Jumanne.

— Mmemsikia? Amesema “ujazo” mara nne.

— Mara tano, mzee, akasema Nurdin, muuza kahawa wetu, akimimina.

— Na hayo maji yanakuja huku huku, akadakia Ally, tunayemwita Ripota.

— Kutoka Kilimanjaro?

— Chini kwa chini. Yanapita chini ya Serengeti, yanaibukia ziwani. Ule mwaka ziwa lilipoingia mpaka majumbani, unadhani maji yalitoka wapi?

— Mvua, nikasema.

— Mvua gani bwana.

Injinia akaweka kikombe chini.

— Mimi ni mtu wa pampu. Kilele cha Kibo kiko juu, sisi tuko chini, maji yanateremka yenyewe. Hapo umeme wa nini?

— Kwa hiyo maji ninayokunywa kayapima binti yangu, akasema Luhende.

— Wewe tu? akasema Ripota. Ziwa linamwaga maji Mto Nile. Misri nzima inakunywa maji ya Modesta.

— Basi Wamisri wakitaka kumwoa walete ng'ombe mia mbili, akasema Injinia. Ngamia hatupokei.

Luhende alicheka kuliko sisi wote, mpaka akafuta macho.

Mwisho wa benchi alikaa mama mmoja wa Nansio, Bernadeta, akisubiri pampu yake ya bustani. Sasa akamgeukia Luhende.

— Samahani baba. Huyo binti, haya yote umemwambia mwenyewe?

Ripota alichungulia kikombe chake. Injinia alishika spana bila kazi ya kuifanyia. Niliona aibu, maana miaka miwili yote tulimsifia Luhende kwa msimamo wake.

Mzee akatoa simu. Iliita sana.

— Shikamoo baba.

— Marahaba.

Akafunga vifungo vya koti.

— Huko kuna baridi?

— Ipo, baba.

— Nimekusikia redioni. Nilikukosea, mwanangu.

Kisha tukasikia binti anapenga kamasi.

— Yameisha, baba.

— Muulize kuhusu Serengeti, akanong'ona Ripota.

— Eti mama, maji ya theluji yako yanaenda wapi? Niambie wewe, mimi nasikiliza.

Aliibana simu sikioni, akasikiliza kwa muda mrefu, akiitikia kwa kichwa polepole. Hatimaye akatugeukia, kifua mbele.

— Yanashuka Mto Pangani, yanaishia baharini. Kwetu halifiki hata tone. Amesema Modesta.